Moto wa Mchana huko Mutwanga

Ukimuuliza Séphora habari, alikuwa anakujibu habari za mwaka kesho. Hata kama mvua imepasua barabara, hata kama jana askari wamepita na mbuzi za watu, yeye angekuambia: "Mwaka kesho nitakuwa ingénieur, na kahawa ya papa itapona." Katika nyumba ya kupanga kule Butembo, alikokuwa anakaa na wanafunzi wenzake, wasichana walimpa jina la Mwaka-Kesho.

"Mwaka-Kesho, chumvi imekwisha!" Nadège alikuwa anamwita kutoka jikoni. "Ama chumvi nayo tutaila mwaka kesho?"

Séphora alicheka pamoja nao na kuongeza maji kwenye maharagi.

Usifikiri alikuwa mjinga. Mipango yake ilikuwa na mizizi. Babu yake aliacha shamba la kahawa Mutwanga, kwenye miguu ya mlima Ruwenzori. Papa yake, Henri, alikaa Beni kwenye mtaa wa Beu, na mdogo wake Henri, Zorobabel, alibaki kulima shamba la wote. Kahawa ile ilisomesha kila mtoto wa ukoo. Halafu ugonjwa ukaingia. Ugonjwa ule hauna kelele. Jani moja linakuwa njano, tawi moja linainama, mwishoni mti mzima unakauka ukiwa umesimama, na matunda yake meusi yameshika tawi kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Kwa hiyo Séphora alichagua kilimo. Siku ya kwanza ya kila mwaka wa shule alikuwa anasema malengo yake kwa sauti, mbele ya watu, ili haya imsukume siku uvivu ukimshika. Mwaka ule alisema mawili tu: atamaliza graduat, miaka mitatu ya kwanza ya chuo, bila kurudia, na atajua kama kahawa changa inaweza kuishi mahali ambapo kahawa ya ugonjwa iling'olewa na kuchomwa.

Papa yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni vizuri. Lakini nyumba hii inabeba mwanafunzi mumoja. Ukimaliza, Kitsa anaingia. Ukianguka, Kitsa anaingia tu vilevile, na weye unarudi nyumbani. Sina kifua ya kubeba babili."

Kitsa, mdogo wake Séphora, aliangalia miguu yake. Hakuna aliyekasirika. Nchi ilikuwa kwenye vita vya pili, na kila nyumba ilikuwa na hesabu ya namna hiyo.

Mwisho wa mwezi wa pili, assistant Ananie, mwalimu aliyesimamia kazi yake, alimwita kwenye bureau yake.

"Mademoiselle, jury ya mitihani haikule maneno. Miche yako iingie mu udongo mbele ya mvua. Mais sikia vizuri: mitihani inaanza Jumatatu ile ingine. Mwenye hatakuwa pale Jumatatu, mwaka wote haiko."

"Nitakuwa, assistant."

"Barabara nayo unaijua?"

"Itakuwa vizuri."

Ananie akarudi kwenye karatasi zake.

Séphora akapanda lori mpaka Beni na mabeseni mawili ya miche ya kahawa, kila muche ndani ya kifuko chake cha plastiki. Alilala kwa wazazi. Asubuhi alipita soko la Beu kutafuta chumvi ya kumpelekea mama mudogo wake kule Mutwanga. Jua lilikuwa halijapanda sana, lakini wauzaji wa samaki wa Kyavinyonge walikuwa wanafunga mizigo yao, wakifunga haraka, bila kupiga gumzo.

"Mama, samaki bado iko mingi, unafunga?" Séphora aliuliza.

"Mutoto, samaki itabakia samaki," mwanamke alimjibu. "Mimi minataka kubakia mutu."

Kasimu ndiye alikuwa anapeleka watu Mutwanga kwa pikapu. Alikuwa kijana wa familia ya wasafirishaji wa Beni, mwenye kofia ya kufuma na mdomo usiopumzika. Alipoona mabeseni alishika kichwa.

"Dada! Batu banakimbia na magodoro, weye unaingia na miti?"

"Miti haikuombe nafasi ya kukaa, Kasimu."

"Iyo nayo ni kweli. Miti hainiulizi kama tutafika." Akacheka peke yake, halafu akaacha kucheka. "Nitakurudilia Jumamosi, jua ikiwa juu ya kichwa. Sitapiga honi. Kule hatupigake tena honi. Kama sikukuti, ninageuka. Na kisha pale sijue kama kutakuwa mara ingine."

Njiani walipita bariyeri ya askari wa huyu, kisha bariyeri ya askari wa yule. Baada ya hapo hapakuwa na bariyeri tena, na hilo ndilo lilimnyamazisha Kasimu.

Asubuhi ya kwanza Mutwanga, Séphora aliamka akajua kwamba kuna kitu kinakosekana, lakini hakujua ni nini. Nje ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mlango, mzito, mweupe. Katikati ya ule ukungu kila nyumba ilikuwa inapika: ndizi, maharagi, bugali, vyote kwa mara moja, kama siku ya arusi. Lakini hakuna aliyesema kwa sauti.

"Yaya Jokébed," alimwita dada yake huyo mkubwa, binti wa baba mudogo Zorobabel, aliyekuwa amepiga magoti kwenye mafiga na mtoto mgongoni. "Majogoo yenu iko wapi?"

"Tulibakula bote," Jokébed alisema. "Jogoo haijuwe kunyamaza. Kama uko unajificha na yeye anaimba, anakuuzisha."

"Na kupika hivi bote pamoja?"

"Juu ya moshi. Ukungu ikiwa hapa, moshi na ukungu ni kitu kimoja, mutu wa mbali hawezi tofautisha. Jua ikionekana, moto inakufa. Muchana tunakula baridi." Alimwangalia machoni ili neno liingie. "Moto ya muchana inasema: hapa kuko batu, kuko chakula, kuko migongo ya kubeba. Umesikia?"

"Nimesikia, yaya. Basi kahawa nayo tutachoma saa ya ukungu. Itakuwa vizuri."

"Sawa," Jokébed alisema, akapulizia mafiga.

Baba mudogo Zorobabel alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, na machache hayo alipenda yawe ya mchezo. Alipoanza kung'oa miti ya ugonjwa pamoja na Séphora, alimwita Engenia, ndiyo ingénieur kwa mdomo wake.

"Engenia, shule inakufundisha kuua miti ya babu?"

"Ilikwisha kufa, baba mudogo. Tunaizika tu."

"Marehemu babu angekuzika weye mbele." Akatemea mate mikononi na kushika jembe tena.

Walirundika matawi na mashina juu ya mashimo yaliyochaguliwa. Mashimo mengine waliyaacha bila kuchoma, ili siku moja Séphora aweze kulinganisha. Asubuhi iliyofuata, ukungu ulipofika, aliwasha. Moto ulishika jani, ukanusa shina, ukafa. Ukungu ulikuwa umelowesha kila kitu. Aliwasha tena. Kuni ziliungua kidogo kwa hasira, na kabla hazijapata nguvu, jua likatokea juu ya mlima. Jokébed akaja na majani mabichi ya mgomba na kuupiga moto mpaka ukazimika.

Asubuhi ya pili ikawa vilevile, na ya tatu hivyohivyo. Mama mudogo Élise, muke ya Zorobabel, alimwonea huruma akamletea ganda la ndizi kavu. Nalo halikusaidia.

Ijumaa jua likawa kali. Kasimu alikuwa anakuja kesho yake. Marundo yalikaa pale yakiwa meusi upande mmoja, yakimwangalia. Séphora aliketi karibu nayo na kuanza kujisemesha. Kuni kavu zikishika vizuri hazitoi moshi, hilo walifundishwa darasani. Jua limekausha matawi tangu asubuhi. Hakuna upepo. Ni moto wa haraka, muda wa kuchoma tu, kisha majivu, kisha kupanda, kesho gari, Jumatatu mtihani. Ndivyo matumaini yanavyofanya kazi saa zingine: hayakudanganyi kabisa, yanakwambia nusu tu, na nusu ile ni kweli.

Baba mudogo alikuwa ameenda kuchota maji kwenye mto. Jokébed alikuwa ndani anamnyonyesha mtoto. Séphora aliwasha.

Ndimi za moto zilipanda safi. Matawi ya juu yalilia pa-pa-pa, na hewa juu yake ikatetemeka bila moshi. Moyo wake ukafunguka. Aliona jury, aliona Ananie akitikisa kichwa kwa kukubali, aliona shamba lote la babu likiwa kijani. Halafu moto ukafika chini, kwenye mashina. Mashina yalikuwa bado na mizizi, na mizizi ilikuwa imeshika udongo wenye maji.

Moshi ulitoka mweupe, mnene, ukapanda wima. Ukapita migomba. Ukapita mikaratusi. Ukasimama juu ya kilima chote kama kidole cha mtu anayeonyesha mgeni nyumba.

Hakuna aliyepiga kelele, na hiyo ndiyo ilimtia Séphora hofu. Kwenye shamba la upande wa pili mwanamke aliinua mgongo, akaangalia juu, akafunga mtoto wake mgongoni, akaenda. Mwingine naye akaenda. Mzee mmoja alipita njiani akivuta mbuzi, mkono wake mwingine umeziba mdomo wa yule mbuzi. Milango ilifungwa pole pole, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoogopa kuamsha mgonjwa.

Séphora alishika ndoo akamwaga maji. Moshi ukawa mara mbili.

"Hapana maji!" Jokébed alikuwa anakuja mbio, sauti yake chini. "Udongo! Tia udongo!"

Walifukia kwa mikono, kwa jembe, kwa miguu. Moto ulikufa. Lakini moshi uliokwisha kupanda haukujua kwamba moto umekufa. Uliendelea kukaa pale juu.

Zorobabel alifika na madumu ya maji. Aliangalia juu kwanza, kisha marundo. Hakumwangalia Séphora.

"Jokébed, beba mutoto. Mama yako naye. Ingieni bote mu kahawa ya chini."

"Baba mudogo," Séphora alisema, "ni mimi niliwasha."

"Najua ni weye. Ni nani mwingine iko na haraka hapa?" Hata hivyo sauti yake haikuwa ya ukali. "Enda na benzako."

"Na weye?"

"Wakikuta moto haina mwenyewe, watatafuta mwenyewe mu kila nyumba. Enda, Engenia."

Walilala kifudifudi kwenye kahawa ya chini, ile ambayo ugonjwa ulikuwa haujaifikia. Mtoto alikuwa kwenye titi la Jokébed. Mama mudogo Élise alikuwa ameweka paji la uso juu ya udongo, na midomo yake ilikuwa inaenda bila sauti. Muda ulipita mpaka Séphora akaanza kufikiri: labda hawakuona. Labda leo wako upande mwingine. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hata pale chini.

Halafu aliona viatu. Kupitia mashina ya kahawa aliona viatu vya mpira, vingi, vikisimama kwenye uwanja wa nyumba.

"Nani apelisi moto?" Ilikuwa Lingala ya watu wa bunduki: nani aliwasha moto.

"Ni mimi," Zorobabel alijibu.

"Unaita banani?"

"Siite mutu. Minachoma kahawa ya ugonjwa, isiambukize ingine."

Mmoja akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Donc kahawa inagonjwa! Na weye, papa, unagonjwa?"

"Hapana, chef."

"Basi uko muzima. Yaka, kuja. Utabeba."

Séphora alianza kuinuka. Hakufikiri, magoti yake tu yalijikunja. Mkono wa Jokébed ulimshika nguo shingoni na kumrudisha chini, na haukumwachia. Wakasikia vyungu vikianguka, sanduku likifunguliwa, gunia likiburutwa. Kisha viatu vikaondoka, na katikati yake miguu miwili ya Zorobabel isiyo na viatu, ikizama kidogo kwa uzito, ikielekea njia ya mlimani.

Jumamosi jua likiwa juu ya kichwa, pikapu ya Kasimu ilifika. Hakupiga honi. Hakuzima injini. Alipoona nyuso zao hakuuliza maswali.

"Dada, ingia," alisema. "Ingia sasa hivi."

Séphora alisimama uwanjani. Mama mudogo Élise alikuwa anachambua maharagi yaliyomwagika, akiondoa mchanga, punje moja moja, bila kuinua macho.

"Enda," Jokébed alisema. "Papa yangu alibeba ile mambo juu ya weye usome. Ukibakia hapa, alibeba bure."

Yalikuwa maneno ya kweli. Séphora aliyageuza ndani yake na kuyakuta ya kweli kila upande. Jumatatu ilikuwa pale, karibu, angeweza kuigusa: darasa, karatasi, Nadège akimwekea nafasi kwenye benchi. Aliangalia ule mlima. Mtu aliyekuwa anatembea kule na gunia la watu wa bunduki alikuwa anatembea kwa jina lake yeye.

"Kasimu," alisema, "ukifika Beu, pita kwa papa Henri. Umwambie baba mudogo alichukuliwa. Umwambie ni juu ya moto yangu. Na umwambie Kitsa ajitayarishe, mwaka wa shule wenye unakuja ni wake."

"Dada, fikiri. Ii barabara, kesho—"

"Nimefikiri."

Hakuona ushujaa wowote ndani yake. Kasimu aliomba dua fupi, akaachia breki, na pikapu ikateremka bila gia mpaka kwenye kona, ili isisikike. Baada ya kona walisikia injini kidogo, kisha hapakuwa na kitu.

Alasiri hiyo Séphora alichukua jembe.

"Unapandia nani sasa?" Jokébed alimuuliza. "Jury gani?"

"Mashimo iko wazi, yaya. Mvua inakuja."

Jokébed akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaanza kumpitishia miche.

Mvua ya kwanza ilipita, na nyingine nyingi. Mitihani ya Butembo ilianza na kuisha kule mbali, bila yeye. Kila asubuhi Séphora alimwambia mama mudogo wake, "Kesho atafika." Alisema kwa moyo wote, kwa sauti ile ile iliyokuwa inachekesha wasichana. Mpaka siku moja Élise akaweka chini kikapu chake.

"Séphora, mwanangu, usinipe kesho. Nipe kuni."

Tangu siku hiyo alimpa kuni. Alitafuta kavu, akazipanga chini ya paa, akachota maji, akapalilia. Aligundua kwamba kuna matumaini ya mdomo na kuna matumaini ya mikono, na haya ya pili hayamchoshi mtu wa kusikiliza.

Zorobabel alirudi mchana mmoja, na hakutoka mlimani. Alitoka upande wa bonde, kwa kijia cha miguu. Bega moja lilikuwa limeshuka na halikupanda tena mpaka leo. Miguu ilikuwa imefungwa maganda ya mgomba. Alikuwa anatetemeka kwa homa. Élise alimfunika kwa kikwembe chake na kile cha Jokébed, wakamlaza juani ukutani. Hakusema kule alikokuwa. Alisema tu kwamba wengine hawatarudi. Halafu macho yake yakamtafuta Séphora.

"Engenia. Mitihani?"

"Ilipita, baba mudogo."

"Na miti?"

"Mingi imeshika. Michache imeinama."

"Yenye kuinama ni ya mashimo gani, ya moto ama ya bila moto?"

Séphora akaanza kulia.

"Lia, lakini unijibu."

"Ya bila moto."

"Ah." Akafunga macho. "Basi ulikuwa na haki. Ulikosea saa tu."

Mwezi wa kumi Kitsa aliingia shule Butembo. Kasimu ndiye alileta habari, mara moja tu, kwa miguu, maana pikapu ilikuwa imenyang'anywa. Papa Henri alituma salamu na hakutuma lawama, na Séphora angependa zaidi lawama. Alibaki Mutwanga kufanya kazi ya bega ambalo Zorobabel hakuwa nalo tena. Majirani waliokimbia siku ya moshi walirudi mmoja mmoja. Walimsalimu. Walinunua hata miche kwake. Lakini kila aliposhika kiberiti mbele yao, hata asubuhi ya ukungu, mazungumzo yalikatika mpaka akiweke chini.

Siku moja, kwenye palizi, Zorobabel akiwa ameketi kando na Élise akipalilia mbele, Jokébed alimuuliza, "Utarudi shule, ama ulikwisha kuacha?"

"Nitarudi."

"Lini?"

Séphora alifungua mdomo. Kule chini, upande wa barabara, palisikika injini, na haikuwa siku ya gari lolote. Injini ikasimama. Milango ya gari ikabamizwa, zaidi ya miwili.

Waliacha majembe palepale kwenye mistari. Jokébed alichukua mtoto, Séphora alimshika baba mudogo mkono wa upande mzima, na Élise akatangulia, wakashuka kwenye kahawa bila kukimbia, maana mtu anayekimbia anatikisa matawi.

"Nitarudi, yaya," Séphora alisema akiinama chini ya tawi la kwanza, kwa sauti ya kunong'ona. Jokébed alimwekea kidole mdomoni.